Wikiendi ya Nairobi na watoto: siku moja, upande mmoja wa jiji

Mara ya kwanza tulipokwenda Nairobi kama familia, tulifika kwenye kituo cha tembo yatima saa sita na dakika kumi mchana. Muda wa wageni kule ni saa tano hadi saa sita, basi. Asubuhi ile tulikuwa tumeanzia Gikomba, soko la mitumba, tukisema tunapita mara moja tu, tukatoka na jozi mbili za viatu na foleni ya saa nzima mbele yetu. Mlinzi wa getini alikuwa muungwana, akatueleza kwa upole kwamba wenzetu ndio kwanza wanatoka. Kitinda mimba wangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa amewachorea wale tembo picha tangu nyumbani Arusha. Hakulia. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti, na kile kimya chake kikanikaa rohoni mpaka Namanga.

Tulirudi Juni, shule zilipofungwa, safari hii tukiwa watano: mimi, baba watoto, watoto wawili, na mama mkwe wangu ambaye alikuwa hajawahi kuvuka mpaka. Ninayoandika hapa nimeyapata kutokana na safari zote mbili. Kubwa kuliko yote ni hili: Nairobi usiipange kwa orodha ya vitu unavyotaka kuviona, ipange kwa pande. Chagua upande mmoja wa jiji kwa siku moja, na ubaki huko. Kwenye ramani utaona Gikomba na Lang'ata, waliko tembo, haziko mbali sana, lakini ramani haina foleni.

Nianze na karatasi, maana ndizo zinazowarudisha watu njiani. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, ila kila mtu awe na pasipoti yake, hata mtoto anayebebwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. Kama ulichanjwa zamani na kadi inasema ilikwisha baada ya miaka kumi, tulia: tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ni ya maisha. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake aandikiwe barua ya ridhaa na mwenzake. Namanga yenyewe siku hizi ni nyepesi, kwa sababu maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache, unagongewa wa kuingia. Kutoka Arusha hadi hapo ni kilomita kama 110, na kutoka hapo hadi Nairobi kama 165. Tuliondoka Ijumaa alfajiri kwa kosta, na baada ya adhuhuri tulikuwa tumeshaweka mabegi chumbani.

Fedha usibadilishe kwa vijana wanaokukimbilia nje ya gari. Safari ya kwanza mmoja wao alituhesabia noti mbele ya macho yetu, na moja ilikuwa imekunjwa katikati ikahesabiwa mara mbili. Ingia dukani au benki, hesabu hapo hapo dirishani. Kama kuna noti ya 1,000 ya Kenya ya zamani imebaki kwenye droo nyumbani, iache huko, iliondolewa kwenye matumizi mwishoni mwa Septemba 2019. Na watoto wafundishe hesabu hii ndogo: bei ya Kenya ongeza sifuri moja, kisha zidisha mara mbili. Shilingi 350 inakuwa 3,500, inakuwa 7,000 za kwetu. Siyo sahihi kwa senti, kiwango kinapanda na kushuka, lakini inamzuia mtu kununua kitu kwa sababu tu namba yake ni ndogo. Safari ya kwanza mimi namba zilinidanganya sana. Unaona 800, mkono unaenda wenyewe kwenye pochi.

Ijumaa ile mchana tulitembea kwa miguu hadi Biashara Street, mtaa wa khanga, vikoi na vitenge, karibu na City Market. Mama mkwe alitaka kiondo, kikapu cha mkonge, kile cha kweli. Nilimtazama anavyonunua nikajifunza. Alikipindua kiondo juu chini, akakagua kitako pale ufumaji unapoanzia, akavuta uzi mmoja kwa kucha. Halafu akalowesha kitambaa chake cheupe kwa maji ya chupa, akakisugua kwenye mstari mwekundu. Kitambaa kikatoka na wekundu. Akakirudisha bila neno, akachukua kingine, akasugua tena. Cha tatu ndicho kilichomridhisha.

"Mwanangu, hiki unaniachia kwa bei gani?"

"Shosho, kwa vile ni wewe, thao moja na soo tano."

Mama akanigeukia. Shosho ni bibi, thao ni elfu, soo ni mia. Mbao ni ishirini, na finje ni hamsini. Jifunze hayo kabla ya kwenda sokoni, maana Kiswahili chetu kinaeleweka Nairobi kila mahali, lakini bei hutajwa kwa lugha yao ya mtaani, na anayeuliza mara mbili anajulikana ni mgeni. Mama hakuona haya kuuliza. Alimwambia yule kijana, "Nitajie kwa Kiswahili nilichokunyonyesha," kijana akacheka mpaka akakaa chini, na kiondo kikatoka kwa elfu moja na mia moja. Mtu mzima akiwemo kwenye msafara wenu, mwacheni yeye ndiye aongee bei.

Jumamosi tuliitoa nzima kwa upande wa Lang'ata. Saa nne na nusu tulikuwa getini kwa tembo. Kituo hiki cha Sheldrick Wildlife Trust kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alikianzisha Daphne Sheldrick mwaka 1977 kwa kumkumbuka mumewe, na kinalea tembo yatima hadi wakue, kisha wanapelekwa Tsavo kuzoea pori. Ni lazima uweke nafasi mapema kwa intaneti, usiende ukitumaini huruma ya getini. Na kwa kuwa ni ndani ya hifadhi, chupa za maji za plastiki za kutupa haziruhusiwi tangu Juni 2020, kwa hiyo beba chupa ya chuma. Wale wachanga walikuja mbio kwa mstari, wengine na blanketi mgongoni, kila mmoja anamjua mlezi wake mwenye koti la kijani. Mmoja alimaliza maziwa yake, akaifuata chupa ya mwenzake, mlezi akamzuia kwa kiganja tu, kama unavyomzuia mtoto mezani. Walezi hao hulala nao usiku, zizi moja. Kitinda mimba wangu alikaa kwenye kamba ya mbele saa nzima bila kuomba maji wala choo. Ile picha yake ya zamani, ikiwa na mikunjo minne, alimkabidhi mmoja wa walezi. Yule baba aliipokea kwa mikono miwili.

Kutoka hapo kwenda Giraffe Centre ni upande huo huo, na ndiyo faida ya kubaki mahali pamoja. Mnapanda jukwaa la mbao mnakuwa usawa wa kichwa cha twiga, mnamlisha kwa mkono. Twiga ndiye mnyama wetu wa taifa, watoto walidhani wanamjua. Mkubwa ndiye aliyegundua: hawa hawana madoa chini ya goti, kama wamevaa soksi nyeupe. Ni twiga wa Rothschild, na kituo hiki kilianzishwa kwa ajili ya kuwaokoa wao, walipokuwa wachache mno. Wa kwetu ni wale wenye madoa ya kuchanikachanika kama majani. Nusu saa inatosha hapa. Wenye watoto wadogo wanawe mikono, ulimi wa twiga unaacha ute mwingi.

Mchana tukaenda Kenyatta Market, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijaona pahali pengine panapomfaa kila mtu wa familia kwa wakati mmoja. Upande mmoja ni wasusi, upande mwingine ni nyama choma. Binti yangu alikalishwa kwenye kiti cha chini, wakamzunguka wasusi wanne. Kichwa kimoja, mikono minane. Mmoja anagawa nywele kwa kitana, wawili wanasuka, wa nne anapasua rasta na kuzipima kwa urefu wa mkono wake. Kazi ambayo kwetu ingekula siku nzima iliisha kwa saa mbili na kidogo. Patana bei kabla hujakaa, na uliza kama rasta zimo ndani ya bei hiyo. Ukishakaa nusu ya kichwa kimesukwa, huna tena pa kupatania.

Baba watoto na mama walikuwa hatua chache tu, wanasubiri nyama. Unaichagua ikiwa mbichi, unapima kwa kilo, unasubiri. Inaletwa kwenye ubao, mchomaji anaikatakata mbele yako, anamwaga chumvi pembeni kama kilima kidogo, na kachumbari na ugali vinafuata. Kwetu Arusha tunaijua nyama choma, sikutegemea kushangaa, lakini ile mbavu ya mbuzi ilikuwa na ngozi inayopasuka na mafuta yaliyobaki ndani. Hawaungi kitu zaidi ya chumvi. Mutura utauona kwenye majiko ya jirani, ni utumbo uliojazwa nyama na damu. Kama hamli damu, ulizeni kwanza.

Chakula cha kawaida cha Nairobi hakitawasumbua watoto. Githeri ni ndugu wa makande yetu. Mukimo ni viazi vilivyopondwa na mahindi na majani. Madondo ni maharage, ndengu ni choroko. Ukiagiza chai, ujue itakuja na maziwa, ndiyo kawaida yao. Mama aliomba chai ya rangi, mhudumu akamtazama, mpaka meza ya jirani ikasema, "Anataka turungi." Tangu hapo alisema turungi kwa fahari kila asubuhi. Na chukueni makoti: Juni hadi Agosti Nairobi ina baridi, hasa mawingu yanapokaa hadi saa tano.

Jumapili ndiyo siku ya katikati ya jiji. Siku za kazi huwezi kushika mikono ya watoto wawili Tom Mboya Street ukawa na amani, lakini Jumapili asubuhi barabara zinapumua. Tulianzia makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni. Nairobi ilizaliwa na reli, mwaka 1899 ilikuwa kambi tu ya wajenzi, na hapo utaliona behewa ambamo simba aliingia usiku huko Kima mwaka 1900 akamvuta nje ofisa wa polisi aliyeitwa Ryall, aliyekuwa anamvizia simba huyo huyo. Mkubwa wangu aliingia, akapima dirisha kwa mikono, akatoka, akaingia tena.

Karibu na hapo, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, kuna bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani. Sikuwa nimeiweka kwenye mpango wetu. Tuliingia kwa sababu mama alitaka kukaa. Majina ya waliouawa Nairobi siku ile ya 1998, zaidi ya watu 200, yameandikwa ukutani. Asubuhi hiyo hiyo, Ijumaa, bomu la pili lililipuka Dar es Salaam. Mama wakati huo alikuwa anaishi Msasani. Alisimama mbele ya ule ukuta akawaambia wajukuu jinsi vikombe vilivyodondoka kabatini, na jinsi alivyokimbia kumfuata baba yao shuleni bila viatu. Baba watoto alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo ya viatu. Tulikaa pale kuliko nilivyopanga, na KICC, lile jumba refu la mikutano, tukaliona kwa nje tu. Binti alinyoosha noti ya mia mbele ya jengo hadi vikalingana, kwa kuwa noti zote za Kenya zilizotoka 2019 zina picha yake.

Sikupeleka familia Eastleigh, mtaa wa maduka ya Wasomali, na sijuti, kwa sababu ni upande mwingine kabisa. Kama shida yako ni vitambaa, mazulia au nguo za jumla, ipe siku yake, na ujue Ijumaa wakati wa swala maduka mengi hufungwa. Kula huko wali na nyama ya ngamia pamoja na ndizi mbivu, unaimega pamoja na tonge. Msitu wa Karura nao, ule aliopigania Wangari Maathai, ni nusu siku ya watoto kukimbia. Yote mawili tumeyaweka kwa safari ijayo.

Kurudi, ondokeni Nairobi si zaidi ya saa nane mchana ili mfike mpakani kungali mwanga. Risiti za vitu vipya ziwe mkononi, siyo chini ya begi. Mifuko ya plastiki Kenya waliipiga marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo vitu vyetu vyote vilikuwa kwenye vikapu. Ofisa wa forodha alimwomba mama akiweke kiondo mezani akikague. Mama alikiweka, lakini mkono mmoja ukabaki kwenye mpini.