Mama ana kisukari, katolewa mtoto wa jicho, bado anaona ukungu

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, anaishi na kisukari mwaka wa 14 sasa. Wiki tatu zilizopita alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Mpaka leo anaona ukungu na jicho ni jekundu kidogo, ila anasema haliumi kabisa. Tuendelee kusubiri? Na tatizo ni sukari, au upasuaji ulikosewa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Msisubiri, mrudisheni kwa waliomfanyia upasuaji kesho asubuhi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo neno "haliumi".

Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ina unene wa kama nusu milimita tu, lakini imejaa neva kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Ndiyo maana punje ya mchanga inakutoa machozi. Kisukari cha miaka mingi huzidhoofisha neva hizo, kama kinavyotia ganzi miguuni. Mgonjwa anaweza kuwa na kidonda kwenye konea na asisikie kitu. Neva hizo hizo ndizo zinazochochea machozi na kuisaidia ngozi ya juu ya konea kujijenga, kwa hiyo zikilegea jicho hukauka na mchubuko huchelewa kupona. Kwa mtu asiye na kisukari mchubuko mdogo hufunga ndani ya siku chache. Kwa mwenye sukari ya muda mrefu unaweza kuchukua wiki, au ukafunga kisha ukafunguka tena, kwa sababu ngozi ile haishiki vizuri chini yake: ni kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta wenye unyevu.

Daktari atamwekea rangi ya fluresini na kumulika kwa taa ya bluu. Palipochubuka panang'aa kijani, hata kama mama haumwi.

Ukungu unaweza pia kutoka upande wa ndani wa konea. Huko kuna safu moja tu ya seli zinazosukuma maji yatoke ili kioo kibaki angavu, na zikifa hazioti nyingine. Kila upasuaji wa mtoto wa jicho hupunguza kiasi fulani cha seli hizo, na kwa wenye kisukari zilizobaki huchoka upesi, hivyo konea hukaa imevimba kwa muda mrefu zaidi. Hilo linaweza kutokea hata pale daktari alipofanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo siwezi kusema kwamba upasuaji ulikosewa. Ombeni pia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ikaguliwe, maana katikati yake huweza kuvimba wiki kadhaa baada ya upasuaji, na uvimbe huo nao hauumi.

Kuhusu dawa, naomba sana: asiongeze tone lolote ambalo hakuandikiwa, wala maji ya majani, wala dawa ya jirani. Matone ya ganzi ni ya kliniki tu. Yakitumiwa nyumbani huila konea. Baadhi ya matone ya kupunguza maumivu, kama ya diklofenaki, yanahitaji uangalizi wa karibu kwa mwenye kisukari. Lakini msimwachishe ghafla yale aliyopewa hospitali. Bebeni chupa zote, daktari ataamua.

Mkiona doa jeupe kwenye konea, usaha, au uoni umeshuka ghafla, nendeni leo hii, hata kama ni usiku.

Kama jicho la kushoto nalo linahitaji upasuaji, lisubiri mpaka hili litulie. Wakati huo sukari ishushwe taratibu pamoja na daktari wake wa kisukari, kwani kuishusha kwa pupa kunaweza kuzidisha matatizo ya retina. Na kabla ya kupanga tarehe, mwambieni mpasuaji mapema kwamba jicho la kwanza lilichelewa kupona, ili aikague konea ya kushoto na hisia zake kabla ya kuigusa.