Michezo midogo na jioni za masimulizi katika msimu mmoja

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba kikundi chenu kimepata ukumbi wa watu wasiofika mia kwa miezi kadhaa, kwamba mnataka kuonyesha tamthiliya tatu na kuandaa pia jioni za masimulizi, na kwamba mnabishana kama masimulizi yatengewe mwezi wake mwishoni au yachanganywe na michezo. Nimefanya kazi ya usimamizi wa jukwaa katika kumbi za ukubwa huo kwa muda mrefu, na baadaye nikakabidhiwa upangaji wa misimu, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona kazini. Yachanganyeni, kwa sharti moja: masimulizi yasifanywe kiraka cha kuziba siku tupu. Yapewe mwongozaji wake, mazoezi yake na taa zake, kisha yafanyike juu ya jukwaa lilelile la mchezo unaoendelea, siku ambayo waigizaji wamepumzika.

Vikundi vingi huanza kwa kuchagua tamthiliya, na ubishi wa nani aongoze ipi ukishapoa ndipo kalenda hufunguliwa. Mimi huanza na ukumbi. Mazoezi ya wiki tatu au nne yanaweza kufanyika popote penye sakafu ya kutosha, lakini zipo kazi ambazo hazina budi kufanyika ndani ya ukumbi wenyewe: kusimamisha mandhari, kuelekeza taa, kupima sauti, kufanya mazoezi ya mwisho kwa maleba kamili, na baada ya onyesho la mwisho kubomoa kila kitu na kufagia. Siku hizo haziuzi tiketi hata moja na pango linaendelea kulipwa. Tamthiliya tatu zikipewa wikendi 4 kila moja, pamoja na wiki moja ya ufundi kabla ya kila ufunguzi, zimekwisha kumeza wiki 15 kabla hamjahesabu siku za kubomoa. Andikeni hesabu hiyo ukutani kwanza, ndipo mjue mnazo nafasi ngapi.

Najua mtaniambia kwamba wikendi 2 kwa kila mchezo zingetosha. Mimi sikubaliani na hilo. Ukumbi mdogo hauna fedha za matangazo. Tangazo lake ni mtu aliyetazama Ijumaa akamsimulia mwenzake kazini siku chache baadaye, na mwenzake huyo akatafuta siku yenye nafasi wiki inayofuata. Mchezo wa wikendi 2 hufungwa wakati habari zake ndiyo kwanza zinawafikia watu, na waigizaji nao huwa wameanza tu kuyazoea maneno kiasi cha kusikilizana badala ya kungojeana. Kama muda hautoshi, ni heri kuonyesha tamthiliya mbili kwa kirefu kuliko tatu kwa haraka, na pengo litakaloachwa na ile ya tatu litajazwa vizuri sana na masimulizi.

Kuhusu mpangilio wa michezo sina mengi. Fungueni kwa mchezo wa watu wawili au watatu wenye mandhari mepesi, kwa sababu katika wiki za mwanzo kila mtu bado anajifunza ukumbi, kuanzia taa zinazogoma hadi mlango unaolia. Mchezo wenye watu wengi uwe katikati.

Sasa masimulizi yenyewe. Mfano unaotajwa sana ni The Moth, ulioanzishwa New York mwaka 1997 na mwandishi George Dawes Green: mtu husimama mbele ya watu na kusimulia jambo la kweli lililomtokea, bila karatasi mkononi. Katika mashindano yao majina huokotwa kwenye mfuko, na kila msimuliaji hupewa kama dakika 5. Mpango huo unafaa kuigwa kwa jioni ya wazi, lakini usiwadanganye kwamba kazi imekwisha kwa kuweka mfuko na kipaza sauti. Nimehudhuria jioni za namna hiyo ambazo nusu ya wasimuliaji walipitiliza muda, wakazunguka kwenye utangulizi, na tukio lenyewe wakalimaliza kwa sentensi mbili. Dawa yake ni mazoezi. Waiteni wasimuliaji mapema, kila mmoja asimulie mbele ya mwongozaji, naye amuulize maswali ya kawaida tu: ulikuwa umesimama wapi, nani alisema nini, ulitaka nini wakati ule? Msikubali waandike na kukariri, kwa maana anayekariri akisahau neno moja hubaki hana pa kushika. Ninachowataka wakijue kwa moyo ni sentensi ya kwanza na ya mwisho peke yake. Katikati pawe pao.

Taa ndizo zinazosahauliwa zaidi. Fundi wa taa aliyezoea tamthiliya atazima taa za hadhira kabisa na kumwelekezea msimuliaji mwanga mkali usoni, na hilo ni sawa kwa mwigizaji, ambaye mara nyingi anacheza kana kwamba kuna ukuta wa nne kati yake na watazamaji. Msimuliaji hana ukuta huo. Anahitaji kuona nani amekunja uso na nani amecheka, ili ajue pa kusimama na pa kuharakisha. Jioni moja nilimwona mama mmoja akisimulia kisa cha kuchekesha sana kwenye giza la namna hiyo. Sauti yake ilikuwa inapanda na kukimbia, na vicheko vilikuwa vinafika vikiwa vimechelewa. Tulipopandisha taa za hadhira hadi kiasi cha theluthi, alivuta pumzi, akamtazama mtu wa safu ya mbele, na tangu hapo watu wakacheka pale alipotaka. Hakuna neno alilobadilisha. Hakikisheni pia kwamba kuna mtu wa kurekebisha urefu wa kipaza sauti kati ya msimuliaji mmoja na mwingine, vinginevyo mfupi atasimulia akiwa ameinua kidevu muda wote.

Kwa nini nasema yafanyike juu ya mandhari ya mchezo? Kwanza ni hesabu ya siku. Katika miji mingi yenye kumbi za michezo Jumatatu huwa siku ya mapumziko ya waigizaji, kwa hiyo ukumbi mnaoulipia umelala, na waigizaji wa vikundi vingine nao wako huru kuja kusikiliza. Pili, mandhari humsaidia msimuliaji. Mtu asiye na uzoefu akisimama kwenye jukwaa tupu hajui mikono aiweke wapi. Mpe kiti na dirisha la mchezo wa jana, atatulia. Tena mtazamaji aliyekuja kusikiliza masimulizi ataiona nyumba iliyosimamishwa pale na kutaka kujua nani anaishi ndani yake. Nimewaona wengi wakirudi Ijumaa kwa sababu hiyo tu.

Mpangilio huu una masharti yake, na hapa ndipo msimamizi wa jukwaa anapostahili kuwa mkali. Kila kitu kipigwe picha kabla ya wasimuliaji kuingia. Meza ya vifaa vya waigizaji ifunikwe kwa kitambaa na asiiguse mtu. Kikombe kilichoachwa mezani kinarudishwa mahali pake halisi, mshikio ukielekea upande uleule, kwa kuwa kesho kutwa kuna mwigizaji atakayekinyakua bila kukitazama huku akiwa katikati ya ugomvi. Wiki ya ufundi haina masimulizi kabisa: rangi ya sakafu bado haijakauka, taa ziko nusu, na kila mtu ana hasira. Na mbunifu wa mandhari aambiwe tangu mwanzo kwamba jukwaa litatumiwa na wengine. Katika Fringe, tamasha la maonyesho la mji wa Edinburgh huko Uskoti, iliyoanza mwaka 1947 pale vikundi 8 visivyoalikwa vilipoamua kuonyesha kazi zao kando ya tamasha rasmi, ukumbi mmoja leo huweza kupokea maonyesho kadhaa kwa siku, na kila kikundi hupewa dakika chache tu za kuingia na kutoka. Ninyi hamna haraka ya kiasi hicho, ila samani zenye magurudumu hazijawahi kumdhuru mtu.

Hakimiliki zishughulikieni kabla ya kuchapa bango lolote. Mkataba wa Berne, ambao ni makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Chekhov, mwandishi wa tamthiliya wa Urusi, alifariki mwaka 1904, kwa hiyo maandishi yake ya Kirusi ni ya wote, lakini tafsiri iliyotoka juzijuzi ina mwenyewe, naye ataomba malipo. Masimulizi hayana gharama hiyo, ila yana jambo lake: anayesimulia habari za dada yake au za mwenye nyumba wake anazungumzia watu ambao hawakuombwa ruhusa. Mimi huwashauri wabadilishe majina, na sirekodi chochote bila msimuliaji kukubali kwa maandishi, tena namwacha abadili mawazo baada ya kushuka jukwaani.

Uliuliza mwishoni kama muuze tiketi ya msimu mzima. Uzeni, lakini isimfunge mnunuzi kwenye tarehe. Iwe na idadi ya maingizo ambayo atayatumia apendavyo, yote kwenye masimulizi akitaka, au akamlete mwenzake kwenye onyesho moja. Msiweke masimulizi kama zawadi ya bure kwa mnunuzi wa michezo, maana kinachotolewa bure watu hukipangia siku wasiyokuwa na shughuli nyingine, na mvua kidogo tu ikinyesha hawaji. Mapato ya jioni za masimulizi yaandikwe katika daftari lake, na mgawo wa wasimuliaji utajwe kabla hawajapanda jukwaani.