Jibu: pa kuanzia kuhariri video na katuni ukiwa Ujiji

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kujifunza kuhariri video na katuni bila kulipa ada, ukiwa hapo Ujiji. Kuhariri, pakua programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Blackmagic Design, waliotengeneza programu hiyo, wenyewe wameweka vitabu vya mafunzo kwenye tovuti yao, na klipu za mazoezi juu. Klipu ni nzito, ngoja bando la usiku.

Katuni: programu ya Blender, nayo bure. Usikimbilie kuchora mtu. Anza na mpira unaodunda, fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde: mpira ukikaribia chini zitawanye nafasi zake kati ya fremu na fremu, ukifika juu zibananishe, hapo ndipo uzito unaonekana. Mimi zoezi hilo lilinila wiki nzima, na mpira bado ulielea kama boya ziwani pale Kibirizi.

Kompyuta yako ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ngapi? Kama ni GB 4, Resolve itakugomea.