Natafuta mpishi atakayekuwepo kesho

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukiitoa familia kwenda kwenye viwanja vya michezo na maonyesho, mnakula wapi, na unapachaguaje?", limenikuta niko tayari. Wa Dar es Salaam watawajibu kwa habari za Kunduchi na michezo yake ya maji. Sisi Mbeya hayo hatuna, na hata tungekuwa nayo, kwa baridi ya Agosti nani angemvua mtoto sweta? Tuna Nane Nane.

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya John Mwakangale pale Uyole vinajaa watu wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Njombe hadi Rukwa na Katavi. Kwenye makaratasi ni sikukuu ya wakulima. Kwa wanangu ni bembea za kuzunguka, simba ndani ya kizimba, trekta la kupandia juu na kupigwa picha, na ng'ombe wa maziwa wenye matiti ambayo hawaachi kuyazungumzia mpaka Krismasi. Tunaingia saa tatu asubuhi, na ikifika saa saba mchana kila mtu ana njaa na kila mmoja ana yake.

Niwahesabie tulivyo. Mimi, baba watoto, watoto watatu, na mama mkwe wangu anayeteremka kwenye Coaster kutoka Tukuyu kila Agosti, hakosi. Bibi ana sukari. Anakunywa vidonge, na vidonge hivyo havijui foleni: akichelewa kula anaanza kutetemeka. Mara nyingine tunakwenda na mtoto wa jirani, ambao ni Waislamu. Baba watoto yeye dini yake siku hiyo ni nyama choma. Sasa hapo chagua mgahawa.

Mwaka 2022 nilichagua vibaya. Mwaka huo maonyesho ya kitaifa yalifanyika kwetu, na sisi tukaenda tarehe 8 yenyewe, siku Rais Samia alipozindua mbolea ya ruzuku. Watu walikuwa kama siafu. Nikaona banda moja lina turubai jipya, viti vyeupe, vitambaa vya meza na muziki, nikasema hapa ndipo, watoto watakaa na Bibi atapumzisha miguu. Tukaagiza chipsi na kuku kwa wote. Ilikuwa saa saba na dakika chache.

"Inakuja mama, iko jikoni," kijana akasema. Saa saba na nusu, "iko jikoni". Saa nane, "inamalizikia". Nikainuka kwenda huko jikoni. Nyuma ya turubai nikakuta karai moja la mafuta, dada mmoja peke yake anamenya viazi jasho linamtiririka, na kuku wangu wako ndani ya beseni la maji, bado wameshikamana kwa barafu. Sikumlaumu yule dada. Alikuwa na oda za meza kumi na mkono mmoja. Niliporudi Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, jasho jembamba kwenye paji la uso, na baridi ile. Tukamnywesha soda ya kawaida, ile yenye sukari, akatulia. Mdogo alikuwa amelala juu ya kitambaa cha meza. Tulikula saa nane na nusu, viazi vibichi katikati, na bili ilipokuja kachumbari tuliyodhani ni nyongeza ilikuwa imehesabiwa sahani kwa sahani.

Usiku ule nilimkasirikia mwenye banda. Siku zilivyopita nikaona kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu nilichagua viti. Banda la Nane Nane lina maisha ya siku nane. Tarehe 9 turubai linakunjwa, mwenyewe anarudi alikotoka, na mimi na yeye hatutaonana tena. Nikinuna, nikiugua, nikiapa sirudi, yeye hapungukiwi kitu. Simaanishi kwamba wote ni wabaya. Wapo wanaopika vizuri sana. Ila pale ndani mteja huna fimbo yoyote.

Kwa hiyo siku hizi natafuta mpishi atakayekuwepo kesho, na huyo yuko nje ya geti.

Anayeijua Uyole anajua ni njia panda. Barabara moja inakwenda Tukuyu, Kyela hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Nyingine ndiyo barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya mjini na Tunduma. Malori yanapita mchana na usiku, makondakta wanapita, wenye mikokoteni wanapita, na wote hao wanakula. Dereva wa lori hana muda wa kusubiri kuku ayeyuke. Anataka sahani ndani ya dakika tano, imejaa, moto, na akiharibikiwa tumbo katikati ya mlima Kitonga ataisimulia habari hiyo kila kituo hadi Dar. Mama lishe anayelisha watu wa namna hiyo mwaka mzima amekwishafanyiwa usaili kwa niaba yangu.

Mwaka uliofuata, 2023, maonyesho ya kitaifa yalikuwa hapa hapa tena na umati ule ule. Nikauliza getini kwanza kama tiketi za asubuhi zitaturudisha ndani (ulizeni, msije mkalipa mara mbili), na saa sita kamili, kabla ya njaa, tukatoka. Baba watoto alinung'unika kwamba tunaacha nyama tunakwenda kula maharage. Nikamwambia abaki. Hakubaki.

Sikuangalia meza. Niliangalia masufuria. Kibanda cha kwanza kilikuwa na wali ndani ya beseni lililofunikwa kanga, nikagusa ubavu wa beseni kama anayejishikiza, vuguvugu. Nikaaga. Wali uliopikwa ukaachwa vuguvugu mimi siugusi, na sio madoido: kuna vijidudu kwenye mchele ambavyo havifi vyote kwa kuchemka, wali ukipoa nusunusu vinazaliana na kuacha sumu, na kuupasha tena hakuiondoi hiyo sumu. Nilijifunza hilo wodini, nimemshikia kichwa mwanangu wa kwanza anatapika.

Kibanda cha pili kilikuwa na majiko matatu ya mkaa chini. La kwanza, sufuria la wali lililopaliwa, makaa mekundu juu ya mfuniko na majivu yakipeperuka kila upepo ukipita. La pili maharage, la tatu nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi mwepesi. Pembeni ndoo ya koki imewekwa juu ya kigoda, chini yake beseni, na sabuni ya unga ndani ya chupa ya maji iliyokatwa katikati. Makondakta wawili wanakula wima. Mama mwenyewe akayakusanya makaa ya juu kwa kijiko kirefu, akafunua, na mvuke ukaenda moja kwa moja kwenye miwani ya Bibi. Bibi akaivua, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akainama kunusa. "Huu ni wa Kyela," akasema. Hakuuliza, alisema.

"Shikamoo bibi," mama lishe akacheka. "Ni wa Kyela, nyumbani."

"Marahaba. Ugonile?"

Kuanzia hapo mimi nikawa mgeni. Kinyakyusa changu ni cha kuombea chumvi tu, lakini nilisikia majina ya vijiji, nikasikia habari ya ukoo fulani, na nikaona Bibi anapewa kigoda cha ndani karibu na moto.

Maharage nitayaelezea kidogo, maana ndiyo kipimo changu kikubwa, na najua kuna watakaonicheka. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94, hayafiki 100, ndiyo maana shangazi yangu wa Tanga akija kwetu analalamika kwamba mkaa wa Mbeya hauna nguvu. Mkaa hauna kosa. Maharage ya huku yanahitaji muda. Mpishi mwenye maharage yaliyolainika hadi yamefanya rojo saa sita mchana aliyaloweka jana na kuyainjika alfajiri. Hakuna njia ya mkato. Ukiyabonyeza kwa kijiko yakapasuka kama udongo mkavu, huyo mama ameamka saa tatu asubuhi, na vyombo vyake usivichunguze sana. Siku ile yalikuwa ya njano. Watoto wakachachamaa, kwa sababu dakika arobaini kabla walikuwa wamesimama kwenye vipando vya watafiti wakisomewa majina ya mbegu za maharage zilizozalishwa pale pale Uyole, na mojawapo ni Njano Uyole. Sijui kama yaliyokuwa kwenye sahani ndiyo hasa hayo. Mwanangu wa pili aliamua ndiyo, akala sahani nzima kwa heshima ya sayansi, yeye ambaye nyumbani maharage huyatoa moja moja na kuyapanga kwenye ukingo wa sahani.

Bei niliuliza kabla hatujakaa, na ninauliza hivi: sahani shilingi ngapi, nyama vipande vingapi, mboga ipo ndani au pembeni? Wali maharage ilikuwa 2,000, wali nyama 3,000, chainizi ipo ndani. Ukiuliza kwa mkupuo mmoja hivyo, mpishi anajua unajua. Bibi alipata ugali kiasi cha ngumi, maharage mengi, majani mengi, saa sita na robo, wala hakuna aliyemtazama kama mgonjwa. Kule kwenye viti vyeupe ukiomba ugali mdogo wanakuletea kitabu cha vyakula.

Habari ya mtoto wa jirani ni tofauti, na hapa wenzangu wengi tunajisahau. Baba yake aliponikabidhi alisema neno moja tu, "Mama, usisahau." Mbeya tunapenda kitimoto, tusidanganyane, na kwenye maonyesho mara nyingi jiko moja la kuchomea linabeba vyote: kuku upande huu, kitimoto upande ule, vibanio vile vile vinageuza huku na huku. Mwenye jiko akikuapia kwamba kuku kachinjwa na Mwislamu anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado hapo hapamfai mtoto yule. Kwa hiyo nikiwa naye sili penye jiko la kuchoma la mchanganyiko, hata kama kila mmoja wetu ataagiza chai. Kwa mama lishe niliuliza wazi nyama inatoka bucha gani na kama kuna kitu kingine kinapikwa kwenye masufuria yale. Alinijibu bila kununa. Mtoto alikula wali maharage vile vile; alisema nyama ataila kwao. Ana miaka tisa. Nilinyamaza.

Kubeba chakula kutoka nyumbani nimejaribu. Vumbi la Agosti pale viwanjani linaingia hata kwenye hotipoti iliyofungwa, na baada ya kumshika mbuzi mkono wa mtoto unahitaji maji na sabuni, si kitambaa. Ninachobeba ni viazi vya kuchemsha na ndizi mbivu ndani ya kikapu, na chupa ya chai isiyo na sukari kwa Bibi. Hicho si chakula, ni cha kuzuia kelele kwenye foleni ya bembea.

Na tarehe 8 hatuendi tena. Tunakwenda tarehe 3 au 4, katikati ya wiki ikiwezekana, simba ni yule yule.

Baba watoto, niseme haki yake, nyama choma yake anaipata. Tukitoka jioni anashuka Mwanjelwa peke yake, anakwenda kwa mchomaji wake ambaye yuko pale miaka yote, sisi tunaendelea na daladala. Hilo nalo nililikataa mwanzoni, nikaona heri hivyo kuliko kuburuta watu saba nyuma ya mshikaki wa mtu mmoja.

Yule mama wa Uyole nilichukua namba yake ya simu siku ile ile. Sasa nampigia asubuhi kabla hatujapanda gari: tuwekee sahani saba, mbili za ugali, moja ya Bibi isiwe na chumvi nyingi, na ukoko usimpe mtu. Mwaka jana nilipompigia alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo kama anayehesabu, kisha akauliza: "Saba, au nane? Maana yule mzee wa nyama alikula mbili."