Stuart Tosh au Stuart Elliott?

Ndugu, uliuliza kama dramu za "Eye in the Sky" (1982), wimbo wa kundi la The Alan Parsons Project, ni za yule Mskoti wa bendi ya Pilot. Hapana. Majina yanachanganya wengi.

Stuart Tosh, mzaliwa wa Aberdeen, alipiga na Pilot ya Edinburgh ("Magic", 1974). Mtayarishaji wao, Alan Parsons, ndiye aliyemwita studio: msikilize kwenye albamu za The Alan Parsons Project za 1976 na 1977, hasa I Robot. Kuanzia albamu ya Pyramid, 1978, kiti cha dramu kikachukuliwa na Stuart Elliott, Mwingereza aliyetoka bendi ya Cockney Rebel.

Tosh alikuwa ameshahamia bendi ya 10cc. Ziara ya 1977 walikuwa wapiga dramu wawili jukwaani, yeye na Paul Burgess, kwa hiyo kwenye Live and Let Live, albamu ya ziara hiyo, usimpe Tosh kila pigo.