Sauti ya uzeeni haitaki kusukumwa

Msomaji mmoja wa miaka 68 anaimba besi kwenye kwaya ya kanisani. Noti za chini zimemkimbia na sauti imekonda, wakati mkewe, soprano wa siku nyingi, hafiki tena juu. Anauliza wafanye mazoezi gani ya nguvu. Ya nguvu, hakuna.

Magegedu makubwa ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, huwa yameshaanza kugeuka mfupa kwa umri huo, hasa kwa wanaume, ila kasoro inayosikika iko ndani, kwenye nyuzi za sauti. Misuli yake hunywea, utando unaoifunika hupoteza unyumbufu, na nyuzi zikikutana huacha upenyo katikati. Hewa inavuja. Uzi uliokonda hutetema haraka zaidi, ndiyo maana sauti ya mzee wa kiume hupanda. Kwa mwanamke ni kinyume: baada ya kukoma hedhi utando huwa mzito, na sauti ya mitetemo kama 200 kwa sekunde huweza kushuka chini ya 180.

Jipimeni kwa saa. Vuta pumzi, toa "sss" mpaka iishe, pumzika, kisha "zzz". Rudia, uchukue muda mrefu kuliko yote wa kila moja. Gawanya sss kwa zzz: sekunde 20 kwa 12 ni 1.67, na ikizidi 1.4 shuku kwamba nyuzi hazifungi vizuri. Zote mbili zikiwa fupi, angalia pumzi kwanza.

Anayevujisha hewa kwa kawaida hukaza shingo ili sauti itoke. Hapo huongeza mkwaruzo na maumivu, kisha hujikohoza kila dakika, na kila kikohozi hugonganisha nyuzi. Meza mate au funda la maji. Kunong'ona kwa nguvu nako si kupumzisha sauti, hata kama waimbaji wanapenda kuamini hivyo.

Zoezi lenyewe: chovya mrija wa soda sentimita 2 hadi 3 ndani ya glasi ya maji, utoe "uuu" kupitia mrija, mapovu yakitoka mfululizo. Panda na kushuka taratibu kwa dakika 3 hadi 5, mara kadhaa kwa siku. Msukumo unaorudi kinywani husaidia nyuzi kutetema bila kugongana kwa nguvu. Ukizamisha mrija sana utaanza kusukuma tena. Mapovu yakikatika na sauti ikiendelea, hewa inapita puani, bana pua. Kwenye kwaya, mama ahamie alto bila kinyongo.

Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 4 isisingiziwe uzee. Mwenye nayo amwone daktari wa masikio, pua na koo. Mvutaji sigara, anayetema damu, anayepata shida kumeza au mwenye uvimbe shingoni asisubiri hizo wiki. Daktari hupitisha kamera nyembamba puani na kuuona upenyo wenyewe. Ukiwa mkubwa kiasi cha kutozibika kwa mazoezi, uzi huweza kujazwa kwa sindano, au kusogezwa katikati kwa upasuaji.