Maswali ya Wasomaji: Heda za Mustang ya 1966

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Houston, nami ninamiliki Ford Mustang ya mwaka 1966 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, kabureta ya koo mbili, giaboksi ya kawaida na pawa stelingi. Nimenunua heda ndefu, yaani mabomba ya kutolea moshi yenye bomba moja kwa kila silinda, ili niziweke mahali pa manifodi za chuma cha kusubu zilizokuja na gari. Ya kulia iliingia kwa taabu, lakini ya kushoto imekataa kabisa: bomba moja linagusa boksi la usukani na jingine linaegemea silinda ya pawa stelingi. Rafiki yangu mmoja ananiambia nikate kidogo mnara wa shokapu, na mwingine anasema nilipige bomba nyundo mpaka lipite. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Houston, Texas*

JIBU: Ndugu msomaji, huyo wa kwanza usimsikilize hata kidogo. Mustang ilipozinduliwa Aprili 1964 ilijengwa juu ya msingi wa Falcon, gari dogo ambalo awali lilibuniwa kwa injini ya silinda sita za mstari mmoja, na V8 ikaja kuingizwa baadaye. Springi za mbele zimekaa juu ya mkono wa juu wa sasipensheni, kwa hiyo uzito wa mbele wa gari hupita katika ile minara miwili ya shokapu inayoibana injini, nalo gari lenyewe halina chesisi ya kujitegemea ambayo ingeweza kuubeba uzito huo mnara ukilegea. Ukikata bati la mnara kwa ajili ya bomba la moshi, utakuwa unatafuta nyufa na magurudumu yasiyokubali kunyooshwa. Ford wenyewe walipotaka kuingiza injini ya inchi za ujazo 390 mwaka 1967, walilipanua gari zima. Lako ni la mwaka mmoja kabla ya upanuzi huo, na ndiyo maana jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba heda ulizonunua zimetengenezwa kwa ajili ya gari la mwaka wako na kwa injini ya inchi za ujazo 289 au 302. Za injini kubwa zaidi ya Ford, 351 Windsor, hazifai, kwa sababu bloku ya injini hiyo ni ndefu kwenda juu kwa zaidi ya inchi moja, na matundu yake ya moshi yamekaa juu zaidi na kuelekea nje zaidi.

Kabla ya kushika nyundo, kagua mauntingi za injini, yaani vishikio vya mpira vinavyoibeba. Katika gari la umri huu mpira wake mara nyingi umekwisha, injini imeshuka na kulala upande, na vipimo vyote unavyochukua vinakudanganya. Tena V8 hii ukiikanyagia mafuta hujipinda, upande wa kushoto ukanyanyuka, kwa hiyo bomba linalopita kwa unene wa sarafu gari likiwa limesimama litagonga barabarani. Weka mauntingi mpya kwanza, kisha pima. Nafasi ya nusu inchi kuzunguka bomba ndiyo ya kuridhika nayo, na zaidi ya hapo panapopita bomba la breki au mpira wowote.

Upande wa kushoto ndiko kwenye msongamano: boksi la usukani, fito inayopeleka nguvu ya pedali kwenye klachi, filta ya oili, na silinda ya pawa stelingi, ambayo katika gari lako haimo ndani ya boksi bali inaning'inia chini ikiisukuma mitambo ya usukani kutoka nje. Zipo breketi zinazouzwa kwa ajili ya kuishusha silinda hiyo ili heda ndefu zipite. Zinafanya kazi, lakini silinda inakaribia ardhi, na mabomba marefu nayo yamekwishashuka. Mwenye kupita kwenye matuta ya barabarani kila siku aliwaze hilo kabla ya kulipa.

Heda ndefu za gari hili kwa kawaida huingizwa kutoka chini. Chomoa betri, weka gari juu ya stendi imara, ondoa stata, filta na plagi, fungua bolti za mauntingi, kisha nyanyua injini inchi mbili au tatu kwa winchi. Jeki iliyowekwa chini ya sampu (bakuli la oili) bila ubao itaibonyeza sampu. Injini inapopanda, itazame feni isije ikala rejeta, na usisahau mpira wa maji wa juu.

Sasa kuhusu ushauri wa rafiki wa pili. Kubonyeza bomba kunaruhusiwa, mradi bonyeo liwe pana na la kina kidogo, kwani moshi hupita pale bila hasara ya kuhisika. Heda itolewe nje ya gari, mahali palipotiwa alama papashwe kwa gesi hadi pawe pekundu, kisha pabonyezwe taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Usipige karibu na bamba linalofungwa kwenye kichwa cha injini, kwa kuwa bamba likipinda gasketi haitaziba tena. Na kama heda zako bado hazijapakwa rangi ya kauri, zijaribishe kwanza bila rangi, maana moto huo utaiharibu.

Hayo nimeyajibu kwa sababu umeuliza, lakini mimi ningezirudisha heda hizo. Injini yako ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 200, na kinachoibana zaidi ni ile kabureta ya koo mbili pamoja na njia yake ya hewa. Heda ndefu hutoa faida yake kubwa injini inapozunguka kwa kasi kubwa, ambako injini ya namna hiyo haifiki kwa furaha. Ukitaka kubaki na pawa stelingi, chukua heda fupi, zinazoishia juu ya silinda ile inayokusumbua. Ukiwa tayari kuiondoa, basi tafuta zile za mtindo wa Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyoboreshwa kwa mbio ambayo haikuwa na pawa stelingi, ambamo mabomba manne huungana kuwa mawili, kisha mawili kuwa moja. Muungano huo una hesabu yake. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-5-4-2-6-3-7-8, na upande wa kulia silinda ya 4 na ya 2 hufuatana papo hapo. Fundi mzuri huziweka katika jozi tofauti ili moshi wa moja usiikwaze nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu, Mustang yangu ya 1965 nimeifunga heda mwaka huu. Asubuhi inawaka vizuri, lakini nikisimama kujaza mafuta baada ya safari stata inazunguka kwa uzito mno au inagoma. Nimeshauriwa nibadilishe rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) na kuyafunga mabomba utepe wa kuzuia joto.
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Rilei ya gari lako haiko kwenye stata, imefungwa kwenye bati la ubavuni karibu na betri, mbali na moto wa heda, kwa hiyo si mtuhumiwa wa kwanza. Stata yenyewe iko kulia, pembeni mwa bomba, na shaba iliyopata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Waya mnene wa zamani ulioota kutu kwenye ncha zake huvumilia asubuhi na kushindwa mchana. Anza na waya huo na ule wa ardhi kati ya injini na bodi, kisha weka ngao ya bati kati ya bomba na stata, ukiacha upenyo wa hewa pande zote mbili.

Utepe siupendi kwa mabomba ya chuma cha kawaida, hasa katika mji wa pwani kama wenu: hunywa unyevu wenye chumvi, na bomba huoza chini yake bila wewe kuona. Rangi ya kauri hupunguza joto bila madhara hayo. Na kwa kuwa heda zako bado ni ngeni, zikaze upya bolti zote injini ikiwa imepoa, kwa kuwa gasketi hujibana zaidi baada ya kupata moto mara chache.